Kibao Hakijui "Ngali"

Niliposema, "Leo nitawapa kibao,"
Endeli wa dawati la nyuma alishika shavu.
Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, nusu,
maana shavu lile lina kumbukumbu yake
na mkono uliopita pale ni wangu.

Nikakitoa kwenye katoni, kibao chenyewe:
upana wa biskuti, taa ishirini na tano
ndogo kama punje za wimbi,
vitufe viwili,
mkia wa waya na betri mbili za redio.
Vilikuwa vinane. Watoto hamsini na watatu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili.
Wa kompyuta alihamishiwa Busia mwezi wa pili,
nikaachiwa kompyuta yake kuukuu,
semina ya siku mbili pale Mbale
na kijitabu cha picha nilichosoma kwa tochi ya simu
hadi ukurasa wa tisa, nikakutana na mtu wa nyumbani:
*ikiwa* kitufe kimebonyezwa, washa taa.
Kumbe ni wewe, ki ya masharti!
Miaka kumi na saba nakuandika ubaoni,
mvua ikinyesha tutapanda,
sikujua una kazi nyingine mjini.

Asubuhi nikaandika: *Ukibonyeza, kitawaka.*
Kageha akainua mkono.
"Na nisipobonyeza?"
Hapo ndipo somo lilipoanza.

Kibao hakikisii. Hakina "si unajua ninavyomaanisha."
Ukikiambia washa, ukasahau zima,
kitawaka hadi betri ikate roho.
Kundi la Asava walitaka kihesabu hatua
kutoka langoni hadi jikoni;
wakakifunga kwenye soksi ya Musimbi kwa mpira wa tyubu.
Sisi tulihesabu tisini.
Chenyewe, mia mbili na kumi na moja.
"Mwalimu, kimekosea."
Hakikukosea. Musimbi aliruka dimbwi,
akajikuna, akanusa githeri, akacheza kidogo
mlangoni pa jiko.
Kilikuwa kimeambiwa: ukitikiswa, ongeza moja.
Nani alikiambia kwamba furaha si hatua?

Endeli hakucheka. Alikuwa akipekua amri zote
kwenye kioo cha kompyuta, juu, chini, juu.
"Ki nimeiona," akasema. "Po ya kukanusha, nayo tumeitengeneza.
Ngali iko wapi?"
Nikatafuta naye. Haipo.
Kibao kina sasa, na kina ikiwa.
Hakigeuki nyuma kuitazama jana
na kusema ningalijua, nisingali...
Sentensi hiyo ninayo mimi,
nimeibeba tangu muhula wa kwanza,
haijapata pa kutumika.

Saa nane mvua ikaja, kama inavyokuja Chavakali,
bila hodi.
Bati likameza sauti yangu, likameza kengele.
Watoto wakaendelea kusema kwa taa:
moyo, samaki, jina la mbwa,
herufi zikipita moja moja kama gwaride la siafu.
Nikavuta kompyuta. Nikaandika, kidole kimoja,
nikachomeka waya, nikamnyoshea Endeli kibao.

P
O
L
E

kisha jina lake, polepole, jekundu.
Akasoma. Likazunguka, akasoma tena.
Sikuona uso; alikuwa ameinama.
Halafu akapaza sauti juu ya mvua,
akirudia mara tatu ndipo nikasikia:
"Mwalimu! Umesahau i!"

Nikatazama. ENDEL.
Mimi, wa irabu tano kila Jumatatu,
ninayewaambia neno letu haliishi kwa konsonanti.
Akanisogeza kwa kiwiko, taratibu,
akakaa kwenye kiti changu,
akatafuta herufi,
akajimalizia.